Mlango wa Juana

Mzee Bastián alipoangua kicheko, ukumbi mzima ulicheka naye. Hakuna aliyejua kichekesho ni nini, lakini mgeni ametoka Jerez, Uhispania, amevuka nusu ya dunia kuja kutufundisha kuimba, sasa wewe ni nani umwache acheke peke yake? Wanawake walicheka wakiziba midomo kwa viganja. Mpiga picha alicheka. Hata Kozo, aliyekaa pembeni na gitaa lake mapajani, alitabasamu kidogo. Fumie peke yake alibaki amesimama mbele ya watu, mikono ameikutanisha tumboni, akingoja aambiwe amekosea wapi.

Ilikuwa Jumapili mchana, hapa Osaka, katika darasa la siku moja lililowakusanya walimu wa mji mzima wa flamenko, ile ngoma ya Kihispania ya gitaa, wimbo na visigino. Na walimu wa flamenko kwetu si haba. Rusha jiwe mtaa wa maduka: likimkosa kinyozi, litampata mama wa watu anayejua kugonga visigino. Wapiga gitaa nao wapo. Waimbaji ndio adimu. Mtu wa kufungua kinywa akalia kwa lugha asiyozaliwa nayo mpaka mwili ukusisimke, huyo humpati kila kona, na Fumie alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana walimsukuma mbele: "Mama Fumie, mwimbie mgeni! Mwimbie ule wako!"

Naye akauimba ule wake, mpaka ubeti wa mwisho, ule unaowatoa watu machozi.

"Chigusa, amesema nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Chigusa alikuwa binti yake, na siku hiyo ndiye aliyekuwa mkalimani. Alikaa Jerez miaka mitatu akijifunza kucheza, akarudi na lugha na goti bovu.

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Hapa mimi ni mwanafunzi, si mama yako. Tafsiri."

"Anauliza ubeti ule wa mwisho umeutoa wapi."

"Mwambie kwenye kaseti. Baba yako aliirekodi mwenyewe ujanani, hukohuko Jerez, nyumbani kwa watu."

Mzee Bastián alisikiliza, akapangusa macho kwa leso, akasema maneno mengine, safari hii polepole.

"Anasema ule si ubeti," Chigusa alisema akitazama sakafu. "Anasema mama yule wa kwenye kaseti alikuwa ameshamaliza kuimba. Alikuwa anamwambia mtu wa nyumbani kwake afunge mlango."

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Watu wakaanza kupekua karatasi zao. Mmoja akafunga kamba za kiatu kisicho na kamba. Fumie akainama sana, kama mtu aliyevunja kikombe kwenye nyumba ya wenyewe.

"Nashukuru kwa kufundishwa," alisema. "Samahani kwa kupoteza muda wenu."

Akarudi kwenye kiti chake. Mzee Bastián alisema neno jingine, mkono kifuani, lakini Chigusa alikuwa anamtazama mama yake na halikutafsiriwa.

.

*Cierra esa puerta, Juana, que se cuela el frío.* Funga mlango huo, Juana, baridi inaingia. Ndiyo hayo tu. Yule mama wa kwenye kaseti aliyasema akiwa bado na sauti ya wimbo kooni, na kijana Kozo, aliyekuwa anaishi kwa mkate na dagaa wa kopo ili apate kukaa miezi michache kwenye nchi ya gitaa, aliyasikia kama mwisho wa shairi. Akarudi nayo nyumbani, akayatafutia lahani, akamfundisha mchumba wake, ambaye ndiye Fumie. Kamusi alitazama, tusimwonee. Alitazama neno kwa neno.

"Nilitazama neno kwa neno," aliyasema hayohayo jioni ile mezani, juu ya sufuria la figili na mayai ambalo hakuna aliyeligusa. Wanaishi nyuma ya studio yao, ghorofani, juu ya duka la kimono lililofungwa zamani. "Nani angejua? Nyimbo zao zote ni kengele, kisima, punda, na zote ni mashairi. Mlango una kosa gani? Mama Chigusa, kula basi."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi hujatia kitu kinywani."

"Nimeshiba aibu, Baba Chigusa. Inajaza tumbo kweli."

Kozo alizungusha yai kwenye bakuli lake. Ni mtu mpole, mwenye kucha ndefu za mkono mmoja, za kupigia gitaa, ambazo huwafanya wauza samaki wamtanie, na akikosa la kusema huchezesha vidole mezani kama yuko kwenye nyuzi.

"Uliniambia baridi ni mauti," Fumie alisema.

"Nilidhani."

"Uliniambia Juana ni marehemu, na mlango ndio wa kaburi."

"Nilidhani, Fumie."

Hakuwa na mazoea ya kumwita kwa jina. Fumie alilisikia, lakini hasira ilikuwa imeshatoka nyumbani, haikuweza kurudishwa njiani.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimelilia mlango! Watu wananililia, wananiletea maua, wananishika mikono, kumbe nalilia mlango wa watu. Na pale mbele yao wote, Baba Chigusa. Walimu wote. Kesho watasimuliana mpaka Kobe."

"Uliulilia vizuri," Kozo alisema.

Alikusudia wema, masikini. Lakini kuna wema ambao ni heri mtu angenyamaza. Fumie aliinuka, akakusanya bakuli zilizojaa, akaziosha.

Jambo ambalo hakulisema, kwa sababu Kozo alilijua, ni la mama yake. Fumie si mtu wa Osaka. Ni mtu wa Noto, upande wa bahari ya theluji, na mama yake alipokufa alifika amechelewa, reli imezibwa na theluji. Alikuta nyumba imeachwa wazi. Watu walikuwa wanaingia na kutoka na vikapu vyao, wakilishughulikia jeneza, na baridi ilikuwa imejaa vyumba vyote mpaka kwenye matandiko. Hakulia siku ile. Alikuja kulia baadaye sana, jukwaani, katika mstari ule, na tangu hapo kila alipofika pale alimlilia mama yake. Alikuwa na mahali pa kumlilia. Sasa mahali pale pamegeuka kichekesho, na hakuwa na pengine.

Akasema haimbi tena.

.

Jumatano wanafunzi walikuja kama kawaida. Ni wanawake wazima, wengi wana wajukuu, na onyesho lao la mwaka lilikuwa limekaribia. Magauni yalishashonwa, marinda juu ya marinda, na kila mmoja alishawauzia tiketi mume, shemeji na jirani asiyeweza kukataa. Walipanda ngazi wakipiga soga, na wa kwanza alipovua viatu akamgeukia wa nyuma yake akasema, kama mtu yeyote wa kwetu angesema mwezi wa pili, baridi ikiwa kali:

"Funga mlango, baridi inaingia."

Habari ya Jumapili ilikuwa imeshawafikia wote. Aliyesema akashika mdomo wake. Aliyekuwa mlangoni hakujua afunge au aache. Kozo akainamisha kichwa juu ya gitaa, akakaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea.

"Jamani," alisema Bi Horiuchi, "lakini mbona inaingia kweli!" Akaenda akaufunga mwenyewe kwa nyonga.

Huyu Bi Horiuchi ni mjane wa daktari wa meno, mnene, mchangamfu, masikio yake yameanza kuzeeka kabla ya miguu. Alikuwa amebeba boksi la keki za maharage lililofungwa kwa karatasi nzuri. "Za Mwalimu Fumie. Yuko wapi?"

"Kazini," Kozo alisema. "Kule jikoni wanapopakia vyakula. Wameongeza zamu."

Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Zamu zilikuwa zimeongezwa kwa sababu mwenyewe aliziomba.

Walijaribu kucheza bila mwimbaji. Kozo alipiga gitaa na kuvumisha wimbo puani, na walikwenda vizuri mpaka pale mahali. Hapo kila mtu akasimama. Kwa maana katika studio ile, ule mstari haukuwa mstari tu. Ndio uliowaambia wageuke, watupe shali, waanze kugonga visigino. Miaka yote Kozo alikuwa akiwaelekeza: mkifika mlango, geukeni, bega lisitangulie mlango, wewe umewahi mlango, rudi. Walikuwa hawajui neno hata moja la Kihispania, lakini mlango waliujua.

"Tutahesabu," Kozo alisema.

Wakahesabu. Mmoja akageuka huku, mwingine kule, Bi Horiuchi akamkanyaga mwenzake mguu, na nusu saa ikapita wakiombana radhi.

Usiku huo Kozo alimpigia simu mwimbaji wa Kyoto. Yule bibi alitaja ada yake kwa adabu nyingi sana, na Kozo naye akashukuru kwa adabu nyingi, akiinamia simu mara kwa mara kama bibi yule anamwona, kisha akaiweka chini akakaa akiitazama.

.

Chigusa alimfuata mama yake kazini. Alimkuta amevaa kofia nyeupe na barakoa, ameketi uani kwenye ngazi ya nyuma wakati wa mapumziko, na kopo la chai ya moto katikati ya viganja.

"Baba amekutuma?"

"Baba hajui hata nimekuja. Baba anajifunza kuimba."

Fumie aligeuka. "Nani?"

"Baba. Asubuhi nzima. Jirani wa chini amekuja kuuliza kama paka ameumia."

Barakoa ilisogea kidogo, huenda alicheka. Akanywa chai.

"Mama, siku ile kuna kitu sikukitafsiri. Mzee Bastián alisema nikwambie hakukucheka wewe. Alisema amemsikia mama yake mwenyewe jikoni."

"Hiyo ni adabu ya mgeni. Mtu akishakuvunja, lazima aseme neno."

"Wale hawana adabu za namna hiyo, mama. Niliishi nao. Wakikuona mbaya wanakwambia mbaya."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Mimi nilikuwa namwimbia mauti, yeye anasikia jiko." Alilizungusha kopo. "Wewe hukuona nyuso zao. Walinihurumia. Bora wangecheka."

Chigusa alikaa karibu naye kwenye ngazi. Alikuwa mkalimani wa watu wengi, lakini kwa mama yake hakuwahi kupata kamusi. Mwisho alisema tu, "Akina Bi Horiuchi wameshashona magauni."

Hilo ndilo lililompata. Mwanamke wa kwetu unaweza kumwambia moyo wako unavunjika, akasema pole, akaendelea na shughuli. Lakini mwambie umewatia watu wengine hasara, hatalala.

"Tafuta ubeti mwingine," Fumie alisema akiinuka. "Wa kweli. Ulioimbwa na watu wanaojua wanaimba nini. Ule wa mlango sitautia kinywani tena."

Chigusa akautafuta, ubeti mzuri wa mto na mwezi, na Fumie akaujifunza kwa siku chache, silabi kwa silabi, binti yake akimrekebisha ulimi. Kozo akaupimia gitaa. Mazoezi ya mwisho aliuimba bila doa lolote.

"Sasa ni sahihi?" alimuuliza mume wake.

"Sahihi kabisa," Kozo alisema.

Wote wawili walijua. Ulikuwa safi na baridi kama maji ya bomba. Lakini heshima ilikuwa imerudi nyumbani, na Kozo hakuwa na ujasiri wa kuifukuza tena.

.

Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri, katika ukumbi wa mtaa ambao asubuhi yake ulikuwa wa mazoezi ya wazee. Waume walikaa mbele wakiwa na kamera, wajukuu wakala biskuti, na waliochelewa waliendelea kuingia kwa mlango wa nyuma wakiinama inama ili wasizibe watu. Katika safu ya kando walikuwepo walimu watatu wa darasa lile la mzee Bastián. Fumie aliwaona tangu alipofungua pazia upana wa kidole kimoja, akalifunga tena.

Ngoma za mwanzo zilikwenda salama. Mmoja alidondosha ua la kichwani, akalirusha kwa mguu pembeni, akashangiliwa. Kisha ikaja ya mwisho, ile kubwa, na wanawake wote wakaingia na shali zao zenye matamvua, Bi Horiuchi mbele katikati kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Kozo akapiga. Fumie akafungua kinywa.

Aliimba vizuri. Aliimba ubeti wa kwanza na wa pili, na wanawake wakaenda naye, mikono ikipanda polepole. Ukaja ule wa mto na mwezi. Akauimba wote, hakuruka hata silabi, akanyamaza. Gitaa likaendelea.

Hakuna aliyegeuka.

Wachezaji wa nyuma walimtazama Bi Horiuchi. Bi Horiuchi alisimama na shali yake hewani, macho yamemtoka, anangoja. Kozo akarudia mapigo. Akarudia tena. Mume wa mtu akashusha kamera. Katika safu ya kando mwalimu mmoja akamnong'oneza mwenzake.

Bi Horiuchi akageuza shingo, na kwa kuwa hasikii vizuri hajui sauti yake ni kubwa kiasi gani.

"Mwalimu," alisema, na ukumbi wote ukasikia, "mlango bado!"

Watu wakacheka. Watoto wakacheka zaidi. Fumie alisimama palepale, akaona damu inampanda usoni, akaona walimu watatu, akaona Kozo amemwinulia macho. Kozo hakucheka. Alikuwa anapiga gitaa na kumtazama tu, midomo yake inasema bila sauti: samahani, samahani.

Akamtazama Bi Horiuchi, mikono ile minene imeanza kushuka kwa uzito wa shali. Mzee wa watu, amesimama anangoja mlango. Mlango tu! Ndipo kikamjia, si kifo cha mama yake wala jeneza, bali mama yake mwenyewe, mzima, amechutama jikoni na aproni yake, uso mwekundu kwa moto, anamgombeza mtoto aliyesimama kizingitini akiitazama theluji. Kila siku ya kila majira ya baridi. Sauti ile ile, kali, yenye mapenzi isiyojua kuyasema vingine. Miaka yote alikuwa amemwimbia mama yake wimbo, na mama yake ndiye aliyekuwa anaimba.

Fumie akavuta pumzi. Hakuuimba kwa Kihispania. Aliuimba kwa lugha yake, kwa lafudhi ya Noto aliyoificha tangu alipohamia mjini, na hakumwita Juana.

"Funga mlango huo, Fumie," aliimba, "baridi inaingia!"

Ilianza kama kufoka na ikapasuka katikati. Jina lake mwenyewe lilimtoka kwa sauti ya mama yake, na hapo akalia, akaendelea kuimba hukohuko ndani ya kilio, akaurudia, na Bi Horiuchi akapaza "Ole!" akageuka kama mlango wenyewe, na wote wakageuka nyuma yake, shali zikapaa, visigino vikashuka sakafuni kwa pamoja. Kozo alikosa mapigo. Wanafunzi hawakumngoja, ikabidi akimbie kuwafuata, akicheka na machozi yakimtiririka mpaka kwenye mbao za gitaa.

Na huko nyuma kabisa ya ukumbi mzee mmoja, shemeji wa mtu aliyeuziwa tiketi kwa lazima, mtu asiyejua flamenko ni nini, alisikia mama anafoka kwamba baridi inaingia. Akainuka upesi kwa aibu, akauvuta mlango aliouacha wazi alipoingia, akahakikisha umefunga. Kisha akawainamia watu wa jirani kuomba radhi, akakaa.